Tunawekaje kanuni za kazi za pamoja katika timu yenye wenzetu wenye ulemavu wa akili?

MsimamiziBekari

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninasimamia zamu ya alfajiri katika bekari moja mjini Moshi. Tupo wafanyakazi 22, na watatu kati yetu ni vijana wenye ulemavu wa akili waliosoma katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, kisha wakafundishwa kazi ya kuoka. Mmoja hupanga madonge kwenye trei, wa pili hufungasha mikate, na wa tatu huosha makopo ya kuokea na kusafisha sakafu. Kwa kazi yenyewe sina malalamiko. Mikate inayofungashwa na huyo kijana wa pili hairudishwi na wenye maduka, jambo ambalo siwezi kulisema kwa zamu zote.

Shida yetu ni kanuni. Uongozi uliandika kanuni 19 na kuzibandika karibu na mlango wa stoo, kwa lugha ya waraka wa serikali: "Mtumishi atazingatia nidhamu na kujiheshimu wakati wote awapo katika eneo la kazi", "Ni marufuku kutumia vifaa vya kielektroniki pasipo idhini ya msimamizi", na nyingine za namna hiyo. Niliwasomea vijana wetu zote, nikawauliza kama wameelewa, wakaitikia kuwa wameelewa. Pamoja na hayo, anayepanga madonge huondoka kwenda kunywa chai pale tu njaa inapomshika, hata kama mikate imeshaumuka na inasubiri kuingia ovenini. Anayefungasha huwakumbatia wateja wanaokuja dirishani, na baadhi yao hawapendi. Anayeosha makopo ana simu na anasoma tarakimu vizuri, lakini zamu inayoanza saa kumi na moja alfajiri haijui kabisa. Siku moja aliingia saa tano asubuhi, ana furaha, akiwa na hakika kwamba amewahi.

Wenzao nao wamegawanyika. Wapo wanaonung'unika kwamba wao wakichelewa wanaandikiwa barua ilhali vijana hawa wakichelewa wanaelekezwa. Wapo pia wanaowaita kwa majina ya kejeli na kuwatuma vocha na sigara katikati ya kazi, kisha wakiulizwa wanasema ni utani tu.

Sasa nimeruhusiwa kuziandika kanuni upya. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: ziwe seti moja kwa wote, au vijana hawa wawe na zao? Wanashirikishwaje katika kuzitunga wakati mmoja wao hasomi kabisa? Na kanuni ikivunjwa, tunachukua hatua gani bila kuonea na bila kupendelea?

MwalimuWaKitengo

Mleta mada, nimefundisha elimu maalumu kwa muda mrefu na huwa ninawasindikiza wahitimu wetu wanapoanza kazi, kwa hiyo niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu mengine mawili yanategemea jibu lake.

Kumuuliza kijana wa aina hii "umeelewa?" hakukupi taarifa yoyote. Mtu aliyekua akisahihishwa nyumbani, shuleni na mtaani hujifunza mapema kwamba neno "ndiyo" humridhisha mkubwa na kufunga mazungumzo, na atalitumia hata kama hakushika kitu. Badala yake mwambie akuoneshe: "Nioneshe unafanya nini mteja akifika dirishani." Ndani ya dakika moja utajua kama kanuni imeingia, na mara nyingi utagundua pia kwamba kasoro ilikuwa kwenye kanuni.

Chukua hiyo ya kujiheshimu. Mimi huwa ninapima kanuni kwa njia moja: je, ninaweza kupiga picha ya mtu anayeitekeleza? Kunawa mikono kabla ya kushika unga kunapigika picha, na kuvaa kofia ya nywele vilevile. "Kuzingatia nidhamu" hakupigiki, na kwa hiyo hata wale wafanyakazi wengine 19 hawajui hasa wametakiwa kufanya nini. Tofauti ni kwamba wao wamezoea kubahatisha maana kwa kutazama sura ya msimamizi, na vijana wetu hawana mazoea hayo. Ukishazichuja kwa kipimo hicho, kanuni 19 zinaweza kubaki saba au nane, na hiyo ndiyo idadi ambayo mtu anaweza kuikumbuka akiwa na trei mikononi.

Kuhusu namna ya kuwashirikisha, usiite mkutano mkubwa karibu na mashine ya kukandia. Kaeni katika makundi ya watu watano au sita, baada ya mikate kutoka, mahali penye utulivu, na vijana wawe wamechanganyika na wengine. Waambieni swali siku moja kabla ili wapate nafasi ya kulifikiria, kwa mfano: "Ni kitu gani mwenzako akikifanya kazini kinakukera?" Msianze na swali la kanuni zipi ziwepo, kwa sababu hilo ni gumu hata kwa watu wazima wenye vyeti. Asiyependa kusema mbele ya watu aoneshe kwa vitendo, au amweleze mwenzake anayemwamini, na huyo mwenzake ayaseme yaleyale aliyoambiwa bila kuyapamba. Pale penye njia mbili za kuchagua, wekeni makopo mawili yenye picha mbili, kila mtu atumbukize kizibo cha soda kwenye kopo analolitaka. Asiyejua kusoma anapiga kura sawasawa na mhasibu.

Mkishaandika, kila kanuni iwe sentensi moja yenye tendo moja, na pale inapowezekana itaje kinachotakiwa kufanyika badala ya kinachokatazwa. Hili lina sababu ya kiutendaji. Tofauti ya "uzime" na "usizime" ni silabi moja ndogo, na kwenye kelele za mashine hiyo ndiyo inayopotea kwanza; kijana akashika kitenzi peke yake na kufanya kinyume cha ulichokusudia. "Mikono iwe juu ya meza mashine inapozunguka" ni salama zaidi kuliko "usiingize mkono kwenye mashine".

Na huyo wa saa tano asubuhi simuoni kama mtoro. Umemwambia saa kumi na moja, yeye akatazama simu yake akasubiri ioneshe 11:00. Simu zetu zinahesabu kuanzia usiku wa manane na sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza au kuzama, na wengi wetu tunabadilisha kichwani bila hata kujua kwamba tunabadilisha. Ninyi pigeni picha ya simu inayoonesha 05:00, ibandikeni kwenye kanuni ya kuwahi, na mumtegee kengele mbili: moja ya kuamka na nyingine ya kutoka nyumbani. Nitashangaa sana kama tatizo hilo litaendelea.

MwenyeKarakana

Ninakubaliana na mwalimu, isipokuwa pale kwenye vizibo vya soda. Nina karakana ya kuchomelea vyuma na nimeajiri kijana mmoja mwenye ulemavu wa akili, na nasema wazi kwamba yapo mambo ambayo hayapigiwi kura. Miwani ya kuchomelea haijadiliwi, na mashine yenu ya kukandia haijadiliwi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri jukumu hilo, na hakuna mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, atakayekubali maelezo kwamba wafanyakazi walichagua vingine. Tenganisheni karatasi mbili tangu mwanzo, moja ya usalama ambayo mnawafundisha tu, na nyingine ya namna ya kuishi pamoja kazini ambayo mnaitunga wote. Mkizichanganya mtawafanya watu waamini kwamba wana uamuzi mahali ambapo hawana, na wakigundua hawatashiriki tena kwa moyo.

AfisaUtumishi

Nachangia upande wa sheria na nidhamu, nikizungumzia Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria zao za kazi.

Kwa idadi, bekari yenu iko vizuri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3, nanyi mna watatu. Ila kuajiri ni mwanzo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua mfanyakazi kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwamo, iwe moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Hiyo njia ya pili ndiyo inayowagusa: kanuni inaweza kuandikwa sawa kwa wote na bado ikamwangukia mmoja tu, kwa sababu imewekwa kwa namna ambayo yeye hawezi kuipata. Karatasi ya ukutani kwa mtu asiyesoma ni mfano ulio wazi kabisa.

Kuhusu hatua za nidhamu, someni Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Kanuni ya 12 inaorodhesha mambo ya kuangaliwa pale mfanyakazi anapoachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu: kama kweli amevunja kanuni, kama kanuni hiyo ni ya haki, kama iko wazi na haina utata, kama mfanyakazi aliijua au angetarajiwa kuijua, kama mwajiri amekuwa akiitumia bila kubadilikabadilika, na kama adhabu inalingana na kosa. Jiulize ungejibu nini mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukitakiwa kuthibitisha kwamba kijana huyo aliijua kanuni yenu, wakati ushahidi wako pekee ni kwamba aliitikia uliposoma. Na angalieni: sharti hilo la kanuni kuwa wazi linamlinda kila mfanyakazi wenu, kwa hiyo kazi mnayoifanya sasa inawafaa wote 22.

Swali lako la kwanza sasa linajibika. Kanuni iwe moja, kipimo kiwe kimoja, lakini msaada wa kuifikia utofautiane. Kuwahi saa kumi na moja alfajiri kunamhusu kila mtu. Mmoja anawezeshwa kwa picha na kengele, mwingine aliyejifungua karibuni anawezeshwa kwa muda wa kunyonyesha ambao sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 inampa, na wa tatu hahitaji kitu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Waelezeni hivyo wale wanaonung'unika. Muhimu ni kwamba kijana akishapewa msaada, akaonesha kwa vitendo kwamba ameelewa, kisha akaivunja kanuni kwa makusudi, naye aonywe kama wengine. Kumwachia kila kitu ndiko kunakozalisha manung'uniko, na kunamnyima heshima ya kuhesabiwa kuwa mfanyakazi.

Ikifika hatua ya kikao cha nidhamu, Kanuni ya 13 inampa mfanyakazi muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida saa 48 huonekana kutosha, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kwa vijana hawa mimi ningetoa muda mrefu zaidi, na ningemwacha achague mwenyewe wa kumsaidia.

Lile la majina ya kejeli na kutumwa sigara msilipeleke kwenye kapu la utani. Kifungu hichohicho cha 7 kinasema kwamba unyanyasaji kwa misingi ya ulemavu ni aina ya ubaguzi, na mwajiri anayeufumbia macho hawezi kujitetea kwamba watu walikuwa wanacheka.

DadaYake

Nimesoma yote kwa makini, kwa sababu mdogo wangu wa kiume ana ulemavu wa akili na anafanya kazi kwenye hoteli moja huku Tanga, upande wa kufua mashuka. Naongeza mambo ambayo watu wa ofisini huenda wasiyaone.

Mwalimu amependekeza picha, na ni jambo zuri, lakini tafadhali picha za ukutani zisiwe za wale vijana watatu tu. Kazini kwa mdogo wangu walibandika picha zake akinawa mikono, akivaa buti, akisaini daftari, na wageni wakawa wanasimama kuzitazama kama maonesho. Aliomba ziondolewe. Kama kanuni ni ya wote, basi apigwe picha msimamizi akinawa mikono, apigwe dereva akivaa aproni, na kila mtu aulizwe kwanza kama anakubali sura yake ikae ukutani.

Pili, msiwatangazie wafanyakazi wengine habari za kitabibu za vijana hao kwa kisingizio cha kuwaelimisha. Taarifa za afya zimewekewa ulinzi wa pekee katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, si adabu. Inatosha kusema "fulani anahitaji maelekezo mafupi, moja moja", tena baada ya yeye mwenyewe kuridhia lisemwe hivyo.

Tatu, na hili ndilo linalonichosha: kila mdogo wangu akikosea, wananipigia simu mimi. Ana miaka 27. Mfanyakazi mwenzake wa umri huohuo akivunja sahani, hakuna anayempigia dada yake. Wekeni katika kanuni zenu kwamba jambo la kazi linazungumzwa kwanza na mhusika, na familia inaitwa pale tu yeye anapotaka au pale penye dharura, kama inavyofanyika kwa mfanyakazi yeyote.

Kuhusu kukumbatia wateja, chunguzeni ninyi wenyewe kwanza. Mdogo wangu alikuwa na tabia hiyohiyo, na ilichukua muda kwa familia kugundua kwamba wakubwa zake kazini ndio waliokuwa wakimkumbatia na kumpapasa kichwa kila asubuhi kama mtoto. Alikuwa anafanya anachofanyiwa.

MsimamiziBekari

Ahsanteni sana, nyote. Nimekaa na makundi manne kwa utaratibu wa mwalimu, na nimetenganisha karatasi mbili kama alivyoshauri ndugu wa karakana.

Ile ya usalama tumeifundisha kwenye mashine yenyewe, kila mmoja akionesha kwa vitendo, na nilishangaa kuona kwamba fundi wetu wa siku nyingi ndiye aliyeshindwa kuonesha swichi ya dharura ilipo. Kwenye karatasi ya pamoja zimebaki kanuni nane. Ya kuwahi ina picha ya simu yenye 05:00. Ya wateja inasema "Tunamsalimia mteja kwa mdomo au kwa mkono", nasi wasimamizi tumekubaliana kwamba baina yetu sote ni vivyo hivyo, hakuna kupapasana vichwa. Nyingine inasema "Tunaitana kwa majina yetu", na hiyo ilitolewa na kijana anayeosha makopo. Aliisema kwa sauti ndogo, kisha akalitaja jina wanalomwita na kusema halitaki. Waliokuwa wakilitumia walikuwa wamekaa kwenye kundi lilelile. Ilipata vizibo vyote. Kuhusu kutumwa, tumeandika "Kazini anayetuma mtu ni msimamizi wa zamu tu, na ni kwa kazi ya bekari", jambo ambalo limewafurahisha hata vibarua wetu wapya, kwa maana nao walikuwa wakitumwa.

Iliyotushinda ni ya chai. Makundi mawili yalitaka chai saa moja na nusu, mawili yakataka baada ya oveni ya mwisho, na kijana wetu wa madonge alikaa kimya kabisa. Saa ya ukutani haisomi. Mwalimu, hapo unashauri nini?

MwalimuWaKitengo

Hongereni. Kwenye chai, achaneni na saa na mtumie kitu kinachoonekana mahali anapofanyia kazi. Trei zake zinapangwa kwenye reki. Funga kitambaa chekundu kwenye safu ya mwisho ya zile zinazopaswa kuingia kabla ya mapumziko, na kanuni isomeke "Tunakunywa chai reki ikifika kwenye kitambaa". Hata wanaotaka saa moja na nusu watajua wamebakiza trei ngapi, na mkiwa na oda kubwa mtahamisha kitambaa badala ya kubishana.

Ila kabla ya kuibandika, muulize kijana peke yake kama huwa anakula chochote kabla ya kutoka nyumbani. Zamu inaanza alfajiri mno, na kama anaondoka na tumbo tupu, kitambaa hakitamzuia. Mpeni kipande cha mkate na kikombe cha uji anapofika, naye na yeyote mwingine anayehitaji, ndipo mjaribu kanuni hiyo kwa wiki chache na kuiuliza reki kama inafuatwa.

AfisaUtumishi

Nyongeza fupi. Andikeni tarehe chini ya karatasi zote mbili, wekeni kumbukumbu ya nani alioneshwa nini na nani alionesha kwa vitendo, na mpange siku ya kuzipitia tena kila robo mwaka na kila anapoingia mfanyakazi mpya. Barua za onyo zilizotolewa kwa kanuni zile 19 za zamani zipitieni pia, kwa sababu huenda zipo zilizotokana na kanuni ambayo hata aliyeiandika asingeweza kueleza ilimaanisha nini.